Eko inaonyesha valvu ya mzee ina chokaa, je ndo kusema na mishipa ya moyo imeziba?

Kifungua_Mimba

Habari zenu wakuu, naombeni mnieleweshe maana nimesoma huku na kule mpaka kichwa kinagonga. Baba yangu ana miaka 69, ana presha ya muda mrefu na dawa anameza vizuri tu, sigara aliacha zamani ila ujana wake wote alivuta kweli kweli. Sasa juzi kaenda kliniki ya presha kama kawaida, daktari kumsikiliza kifuani akasema anasikia mvumo, akamwandikia eko, kile kipimo cha kuuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti. Majibu yanasema valvu ya aota (mlango wa damu inapotoka moyoni kwenda kwenye mshipa mkuu) imekuwa nene na ina chokaa, yaani kalsiamu, imesinyaa kidogo, kasi ya damu mita 2.7 kwa sekunde, wastani wa tofauti ya presha 15, moyo unasukuma asilimia 62. Daktari akatuambia ni mambo ya umri, mtarudia eko baadae, akamuongezea dawa ya kolestro, na foleni ilikuwa nje mpaka mlangoni kwaiyo kuuliza zaidi hatukupata nafasi.

Nyumbani sasa ndo vurugu. Mdogo wangu anasema chokaa ikishaonekana kwenye valvu ujue na mishipa inayolisha moyo imeshaziba, afanyiwe anjio (ile picha ya mishipa ya moyo ya kuingiza mpira) haraka kabla mambo hayajaharibika. Shangazi anasema ni vile vidonge vya kalsiamu alivyokuwa anameza kwa ajili ya mifupa, tuvitupe. Mzee mwenyewe hana habari, anapanda ngazi, analima bustani yake, haumwi popote. Na kolestro yake tulivyopima haikuwa mbaya hivyo, sa dawa ya kolestro ya nini kama tatizo ni chokaa? Hivi vitu viwili vinahusiana au ni magonjwa mawili tofauti yamekutana tu?

FundiEko

Mi kazi yangu ni kupiga eko kwaiyo ngoja nikwambie sisi tunaona nini pale kwenye skrini halafu madaktari watamalizia.

Valvu ya aota ina vibawa vitatu vyembamba. Kwa mtu mzima mwenye afya vikifunguka huwezi hata kuviona vizuri, ni vistari tu vinatokea na kupotea. Vikianza kuwekwa chokaa vinang'aa vyeupe peee, unaona kwanza kule kwenye mzizi wa kibawa halafu inatambaa kuja ukingoni, na nyuma ya ile chokaa kunakuwa na kivuli cheusi kwa sababu mawimbi ya sauti hayapiti. Kibawa kinakuwa kizito, kinafunguka nusu nusu. Ikiwa nene na ina chokaa ila damu bado inapita bila shida tunaita sklerosisi, ikianza kubana ndo stenosisi. Mzee wako na 2.7 yupo kwenye stenosisi ya mwanzo. Kati ni kuanzia 3, kali ni 4 kwenda juu au wastani wa presha 40 kwenda juu, au tundu lenyewe kubaki sentimita moja ya mraba au chini ya hapo. Kwaiyo ile 15 yake na ile 2.7 zinakubaliana, na hilo ni jambo zuri, ukiona namba zinapingana ndo uanze kuuliza.

Kitu kimoja ambacho watu hawaambiwi, ile kasi inategemea sana fundi kaweka kipimo wapi. Damu inayotoka kwenye valvu iliyobana inaweza kurusha upande, usipoikuta kwenye mstari wake unapata namba ndogo kuliko ukweli. Ndo maana mgonjwa unamgeuza, unampima kwa chini kwenye ncha ya moyo, unampima kulia juu ya kifua kwa kile kipimo chembamba kama kalamu, unampima hata hapo juu ya mfupa wa shingo. Mkirudia eko jitahidini iwe sehemu ileile na mwende na ripoti ya zamani, sio mwaka huu 2.7 mwaka kesho 2.4 mnashangilia valvu imepona, haiponagi hiyo.

Sasa kwa swali lako lenyewe: eko ya kawaida HAIONI kama mishipa inayolisha moyo imeziba. Inaona kuta za moyo zinavyocheza tu. Kama kuna ukuta umekufa kwa shambulio la zamani utaonekana hauchezi, lakini mtu anaweza kuwa na mshipa umeziba asilimia 70 na kuta zinacheza safi akiwa amelala kitandani pale. Angalia kwenye ripoti kama wameandika chochote kuhusu kuta.

Kifungua_Mimba

Wameandika kuta zote zinacheza kawaida, ila ukuta wa chemba ya kushoto umenenepa kidogo.

FundiEko

Huo unene presha peke yake inatosha kuuleta, valvu ya 2.7 sidhani kama imechangia sana.

dkt_zamu

Nimetoka zamu ya usiku kwaiyo mnisamehe nikiandika ovyo.

Mdogo wako na shangazi wote wamekosea ila mdogo wako kakosea kidogo. Chokaa kwenye valvu ya aota na ugonjwa wa mishipa ya moyo vinaanza karibu sawa. Kolestro mbaya inapenya chini ya utando, seli za ulinzi zinaifuata, inakuwa mwako wa ndani kwa ndani, kisha chokaa inaanza kujijenga. Na vinavyoleta ni vilevile: umri, presha, sigara, sukari, kolestro, figo mbovu, na wanaume wanatangulia. Baba yako ana vitatu au vinne hapo. Kwaiyo ukiona moja lazima ujiulize habari ya lingine, na hilo sio la kubahatisha, kuna utafiti wa Marekani ulitoka 1999 kwenye jarida la kitabibu la New England, waliwapiga eko watu 5,621 wa miaka 65 na zaidi wakawafuatilia kama miaka mitano. Asilimia 29 walikuwa na sklerosisi, yaani valvu nene lakini haijabana, na asilimia 2 tu ndo walikuwa na stenosisi. Wale wa sklerosisi ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa wa mishipa unaojulikana, hatari ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ilikuwa juu kwa kama asilimia 50 na hatari ya shambulio la moyo kama asilimia 40 ukilinganisha na wenye valvu safi. Sasa fikiria, valvu yao haikuwa imebana hata kidogo, haiwezi kumuua mtu ile. Kilichokuwa kinawaua ni mishipa. Valvu ilikuwa inatoa taarifa tu.

Lakini baada ya hapo mwanzo njia zinaachana, na hapa ndo watu wengi wanachanganya hata wenzetu wa afya. Kwenye mshipa hatari ni lile donge la mafuta kupasuka, damu ikaganda juu yake ghafla, ndo shambulio la moyo. Kwenye valvu hakuna kupasuka. Zile seli za kawaida za kibawa zinabadilika tabia zinaanza kufanya kazi kama seli za kujenga mfupa, kweli kabisa, valvu zilizotolewa wakizipasua maabara nyingine wanakuta mfupa halisi ndani. Inakwenda polepole miaka na miaka, na ikishafikia hapo kolestro haina tena usemi mkubwa, chokaa inaita chokaa. Ndo maana statini, hizo dawa za kolestro, zikashindwa kuizuia. Walijaribu Uskoti na atorvastatini, matokeo 2005, hakuna kitu. Wakajaribu kwenye utafiti unaoitwa SEAS, watu 1,873, simvastatini na ezetimaibu pamoja, 2008, kolestro ilishuka sana, valvu ikaendelea kubana vilevile kama hakuna kilichotokea. Wakajaribu Kanada na rosuvastatini, 2010, hivyohivyo.

SASA usikimbie ukamwambia mzee aache dawa. Katika hiyohiyo SEAS, matatizo ya mishipa ya moyo yalipungua, kutoka kama asilimia 20 mpaka kama 16, hasa wale waliohitaji bypasi, ule upasuaji wa kuipa damu njia mpya kuzunguka palipoziba. Yaani dawa ileile, mgonjwa yuleyule, valvu haikunufaika ila mishipa ilinufaika. Daktari wenu hajampa statini kwa ajili ya chokaa ya valvu, kampa kwa sababu chokaa ya valvu pamoja na presha na sigara na umri vimemwambia mishipa ya huyu mzee haiko salama, hata kama namba ya kolestro kwenye karatasi inaonekana ya wastani. Tatizo hakusema.

Anjio: hapana, sio kwa mzee asiyeumwa na valvu imebana kidogo tu. Anjio inaingiza mpira kwenye mshipa, ina hatari zake ndogo, na kumfungulia mtu asiye na dalili mshipa ambao haumsumbui hakumwongezei maisha. Valvu ikifika hatua ya kubadilishwa hapo anjio inakuja yenyewe, ni sehemu ya maandalizi.

Mama_Pacha

Dokta ubarikiwe umeeleza vizuri sana, ila mi nina swali jingine. Kaka yangu ana miaka 46 tu, valvu yake imejaa chokaa mpaka wamemwambia ni ya kubadilisha, wakampiga anjio mishipa ikaonekana SAFI kabisa. Sa hapo hiyo habari ya kuanza pamoja imekwenda wapi?

dkt_zamu

Swali zuri. Muulize kaka kama waliandika valvu yake ina vibawa viwili badala ya vitatu. Kama mtu mmoja au wawili kwa kila mia wanazaliwa hivyo, na vibawa viwili vinabeba mkazo ambao ulitakiwa ugawanywe kwa vitatu, vinachoka mapema, chokaa inawahi kwa miaka kumi ishirini kuliko wengine. Hao wengi wao mishipa yao ni mizuri maana kilichowaharibia ni umbo, sio kolestro na sigara. Na kama ni vibawa viwili basi ninyi ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake mpige eko mara moja, inatembea kwenye familia, halafu yeye waangalie na aota yenyewe haijatanuka.

Hata kwa wazee wenye vibawa vitatu haiendi pamoja kwa kila mtu. Wanaofika kubadilishiwa valvu iliyobana vibaya, kama nusu yao hivi ndo wanakutwa na mishipa iliyoziba kwa maana, nusu nyingine hawana. Ukigeuza upande wa pili, wagonjwa wengi wa mishipa ya moyo valvu zao hazijawahi kubana. Ukoo ni mmoja ila kila mtu ana nyumba yake.

Mama_Pacha

Ni viwili kweli!! Nimempigia sa hivi. Haya tunajipanga na ndugu zangu.

Chumvi_Kidogo

Mbona hakuna anayeongelea vitamini K2? Kalsiamu ikiwa nyingi kwenye damu bila K2 haijui pa kwenda inaishia kwenye mishipa na valvu, K2 inaitoa kule inaipeleka kwenye mifupa. Hospitali hawawezi kukwambia hilo kwa sababu haina hela. Mi natumia mwaka wa pili sasa najisikia mwepesi. Mzee aanze K2 na D3, aachane na statini zitamuua ini.

dkt_zamu

Mkuu Chumvi hiyo ya K2 ilipimwa, na wala sio kampuni ya dawa, ni hospitali za Denmark. Wanaume 365 wa miaka 65 mpaka 74 wenye chokaa nyingi kwenye valvu, nusu wakapewa K2 na D kwa miaka miwili, nusu vidonge tupu, wakapigwa siti skani kuhesabu chokaa. Matokeo 2022, chokaa iliongezeka kwa kasi ileile pande zote mbili. Na dawa za mifupa pia zilijaribiwa, denosumabu na alendroniki, zikatoka 2021, nazo patupu. Wazo lilikuwa na mantiki kabisa silibezi, ila likipimwa halishiki.

Ini, statini inaweza kupandisha vimeng'enya kidogo kwa baadhi ya watu na mara nyingi vinashuka vyenyewe, kuharibu ini kabisa ni nadra mno. Maumivu ya misuli ndo malalamiko ya kweli, hayo akiyaona aseme abadilishiwe.

Na kwa shangazi sasa. Kalsiamu ya kwenye chakula haina kesi. Vidonge ni habari nyingine, kwa wazee ambao tayari wana stenosisi kuna uchunguzi ulioonyesha wanaomeza vidonge vya kalsiamu hawakufanya vizuri, ila ule ni uchunguzi wa kufuatilia kumbukumbu tu, sio majaribio, kwaiyo huwezi kusema ndo vimeleta. Mimi ningeuliza aliyemwandikia alimwandikia kwa nini. Kama mifupa yake imepimwa na ina shida hiyo ni sababu, kama alianza tu kwa sababu jirani anameza basi aache.

Chumvi_Kidogo

Sawa dokta ila mi naendelea nayo, kila mtu na mwili wake.

Mzee_wa_Mshono

Wanangu salaam. Mimi nilifunguliwa kifua, valvu na bypasi mbili kwa mkupuo mmoja, nikiwa na miaka 72. Niwaambie upande wa mgonjwa maana mnaongelea namba sana.

Kilichonipeleka ni kifua kubana nikipanda mlima. Kila mtu akasema mishipa. Nikapewa kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi, siku nimekitumia nikazimika palepale, nikaamkia sakafuni wajukuu wananilia. Ndo kwenda eko wakakuta valvu 4.6, ilikuwa imefunga karibu yote. Daktari akaniambia kile kidonge kinatanua mishipa mwili mzima presha inashuka, na moyo wenye mlango umebana hauwezi kuongeza damu ya kufidia. Kwaiyo huyo kijana mwenye mzee wake, akifika siku akaambiwa valvu imebana vibaya, muulizeni daktari kila dawa inayoshusha presha kabla hajaimeza.

Halafu kuna kipimo cha kukimbia kwenye mashine, mimi walikataa kunipa, wakasema ukiwa na valvu kali na dalili unaweza kuangukia pale juu. Wakaenda moja kwa moja anjio, mishipa miwili imeziba. Daktari wa upasuaji baadae alinionyesha picha ya ile valvu waliyoitoa, vibawa vimekuwa vigumu kama ganda la chaza, hata huelewi damu ilikuwa inapita wapi.

Kifungua_Mimba

Shikamoo mzee wangu, pole sana na asante kwa kutuambia. Hivi kile kifua kubana kilikuwa kinatoka wapi, kwenye valvu au kwenye mishipa?

Mzee_wa_Mshono

Marahaba mwanangu. Hata wao hawakuweza kuniambia, walisema vyote viwili.

dkt_zamu

Mzee kasema kitu kikubwa sana. Kifua kubana kunaweza kuletwa na valvu peke yake, mishipa ikiwa safi kabisa kama ya yule kaka wa Mama Pacha. Moyo ukisukuma kupitia tundu dogo ukuta wake unanenepa, ukuta mnene unataka damu nyingi zaidi, na ile damu inaingia kwenye ukuta zaidi wakati moyo umepumzika, sasa ukiwa na ukuta mnene wenye presha kubwa ndani yake ile nafasi ya kupumzika haitoshi kulisha kila kona. Mgonjwa anahisi vilevile kabisa kama mshipa umeziba. Kwa dalili peke yake huwezi kutofautisha, na ndo maana mtu mzima mwenye kifua kubana na mvumo apigwe eko KABLA ya kupewa nitro (kile kidonge cha chini ya ulimi) au kupandishwa kwenye mashine ya kukimbia. Inauma kuona inarukwa.

Na ukishakuwa na dalili kwenye valvu kali, mambo hayasubiri. Madaktari Ross na Braunwald waliandika tangu 1968 kwamba bila kubadilisha valvu, mgonjwa aliyeanza kubanwa kifua anakuwa na wastani wa miaka kama mitano, anayezimia kama mitatu, ambaye moyo umeanza kushindwa na pumzi inakata kama miwili. Wagonjwa wa leo ni wazee zaidi lakini picha haijabadilika sana.

Kwa wale wenye vyote viwili kama mzee, ukifungua kifua unafanya vyote kwa pamoja, hakuna mjadala. Wanaobadilishiwa valvu kwa kupitia mshipa wa paja, hiyo TAVI ambayo daktari Alain Cribier aliifanya kwa mara ya kwanza Rouen kule Ufaransa 2002, ndo kuna ubishi, uweke stenti (kibomba cha waya cha kuuacha mshipa wazi) kwanza au uache? Utafiti wa NOTION-3 wa 2024, watu 455 wenye mishipa iliyoziba kwa maana, waliowekewa stenti walipata vifo, mashambulio ya moyo au kukimbizwa kufunguliwa mshipa asilimia 26, wasiowekewa 36, kwa kama miaka miwili. Lakini kutokwa na damu kulikuwa 28 kwa 20, maana stenti inataka dawa za kulainisha damu na hawa ni wazee. Kwaiyo ni kukaa na kupima mtu kwa mtu. Mi binafsi mshipa mkubwa ulioziba pale mwanzoni ningeufungua, vile vidogo vya mwishoni ningeviacha.

Kifungua_Mimba

Aisee nimeelewa sasa. Ila mdogo wangu bado kang'ang'ania, anasema kwani ile chokaa ya valvu haiwezi kuteleza ikazibe mishipa maana kaona kwenye mchoro mishipa inaanzia palepale.

FundiEko

Mwambie kaangalia vizuri, mishipa miwili inayolisha moyo inatoka kwenye aota palepale juu ya vibawa, kibawa kimoja kinaitwa cha kushoto kwa sababu mshipa wa kushoto unatokea hapo, cha pili cha kulia, cha tatu hakina mshipa. Na chokaa yenyewe inakaa upande wa juu wa kibawa unaotazama aota. Ila haimiminiki ikaingia kule, inakuwa imeshikamana ndani ya nyama ya kibawa. Kinachoziba mishipa ni ugonjwa wa mishipa yenyewe. Shida ya kuziba mlango wa mshipa inaongelewa zaidi wakati wa TAVI, valvu mpya ikisukuma kibawa cha zamani pembeni kikafunika tundu, ndo maana wanapima urefu wa pale kwa siti skani kabla.

Na kama anataka kuona kwa macho mishipa ya mzee ina chokaa kiasi gani, ipo siti skani ya kuhesabu chokaa, haina dawa ya kuchoma, dakika chache tu. Inahesabu mishipa peke yake na valvu peke yake. Mishipa sifuri ni nzuri sana, 100 kwenda juu ni ya kufanyia kazi, 400 kwenda juu nyingi. Valvu ina hesabu zake tofauti kabisa, 2,000 kwa mwanaume au 1,200 kwa mwanamke ndo inaashiria imebana vibaya, wanawake wanabanwa na chokaa kidogo zaidi. Msije mkachanganya hizo mbili kwenye ripoti mkapigwa na presha bure.

dkt_zamu

Naunga mkono ila kwa baba yake sioni itabadilisha nini, statini ameshaanza na presha inatibiwa. Hiyo skani inasaidia sana mtu ambaye hamjaamua aanze dawa au asianze. Pesa hiyo mi ningeipeleka kwenye kipimo cha Lp(a). Ni aina ya kolestro ya kurithi, haishuki kwa mazoezi wala kwa chakula, na tangu 2013 inajulikana vinasaba vyake vinaleta chokaa kwenye valvu, na vilevile vinaleta ugonjwa wa mishipa. Kipimo cha kolestro cha kawaida hakiionyeshi, ndo unakuta mtu kolestro yake "sio mbaya" kama ulivyosema. Inapimwa mara moja tu maishani, ikizidi miligramu 50 kwa desilita ipo juu. Na ikiwa juu kwa mzee, wewe na huyo mdogo wako mbishi mpime pia.

Eko ya marudio, Wamarekani wanasema kwa stenosisi ya mwanzo kila miaka 3 mpaka 5, wa Ulaya wanasema kama chokaa ni nyingi basi kila mwaka. Kwa mzee wa miaka 69 mi ningerudia baada ya mwaka, nione inakwenda kwa kasi gani, halafu ndo nipange. Ila akianza kuishiwa pumzi kwenye zile ngazi zake, au kifua, au kizunguzungu akifanya kazi, msisubiri tarehe. Na muwe mnamuuliza kwa vitendo, sio "unajisikiaje", wazee wanajibu "sijambo" huku wameshaacha kupanda ngazi kimya kimya.

Kifungua_Mimba

Asanteni sana jamani. La mwisho, wiki ijayo anaenda kung'oa jino na kuna mtu kaniambia mwenye valvu mbovu lazima apewe antibayotiki kabla. Ni kweli?

dkt_zamu

Kwa baba yako hapana, valvu ni yake ya kuzaliwa nayo hata kama ina chokaa, amwambie tu daktari wa meno na ataje dawa zote anazomeza. Hiyo ni ya watu kama Mzee wa Mshono wenye valvu ya kuwekewa, au mtu aliyewahi kupata maambukizi kwenye valvu.

Mzee_wa_Mshono

Kweli kabisa, mimi nameza saa moja kabla hajanigusa.